Moto wa Nyumbani, Ruzuku ya Serikali na Amana ya Mwislamu: Mazingatio kwa Watu wa Sumbawanga na Ufipa

Katika neema ambazo Mwenyezi Mungu Mtukufu amewaneemesha waja wake, moto ni mojawapo ya zile tuzitumiazo kila siku na kuzikumbuka kwa nadra. Katika Sura ya Waaqia Mola wetu anatuuliza habari za moto tuuwashao na habari za mti wake: je, ni sisi tuliouotesha mti ule, au ni Yeye? Na katika Sura ya Yasin ametukumbusha ya kuwa Yeye ndiye aliyetujaalia kupata moto katika mti mbichi. Basi yule atiaye ukuni mekoni hatii kitu alichokiumba yeye, bali atia amana aliyokabidhiwa na Muumba wake. Na amana yoyote ile, siku moja mtu ataulizwa aliifanyaje.

Makala hii twaielekeza kwa wenye nyumba, mabwana na mabibi, na kwa vijana wao, hasa wale wakaao Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Katika miaka hii ya karibu Serikali ya Tanzania imetoa ruzuku ili watu waondokane na moshi wa kuni na mkaa, na ili nyumba za vijijini zipate umeme kwa gharama ndogo. Wako walioipokea ruzuku hiyo wakafaidika, wako walioipokea ikawapotea mikononi, na wako wasioipata kabisa. Yafaa tuyatazame mambo haya kwa jicho la dini na la akili pamoja, kwani dini yetu haikutuachia mlango wa mekoni bila ya mafundisho.

NCHI YA BARIDI

Uwanda wa juu wa Ufipa uko baina ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, na bonde la Ziwa Rukwa, upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga, ulio makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, umekaa katika kimo cha zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa lenyewe, chini ya ukingo ule mkubwa wa bonde, liko katika kimo cha mita 800 hivi. Kwa hiyo mtu atokaye Muze akapanda Sumbawanga katika mwezi wa Juni au Julai huacha joto bondeni na kukutana na upepo unaopenya hadi mifupani.

Nchi hii kwa sehemu kubwa ni nchi ya nyasi. Miti yake si mingi kama ya nchi za miombo zilizo jirani. Hata hivyo mahitaji ya moto hayajapata kupungua. Wafipa wa zamani walikuwa mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuri marefu kupita kimo cha mtu, wakayalisha mkaa wa miti. Zama zile zimekwisha, lakini matanuri ya namna nyingine yapo: matanuri ya matofali ya kuchoma. Nyumba nzuri ya matofali na bati, ambayo kila baba hutamani kuwajengea wanawe, imekwisha kula kuni nyingi kabla hata haijapikiwa chungu kimoja ndani yake. Na sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,540,519 katika Mkoa wa Rukwa. Watu wote hao hula chakula kilichopikwa, na wengi wao hukipika kwa kuni au kwa mkaa.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu huliona kila siku wasijue sababu yake. Maharage ya Ufipa hukawia kuiva. Si kwamba mbegu ni mbaya au mpishi ni mvivu. Kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo uzito wa hewa upunguavyo, na maji huchemka upesi kabla ya kupata joto kamili. Pwani maji huchemka yafikapo digrii 100. Sumbawanga huchemka yafikapo digrii 94 hivi, na hata ukiongeza kuni chungu nzima hayatapanda zaidi ya hapo katika chungu kisichofungwa barabara. Kwa ajili hiyo mama wa Sumbawanga hutumia moto mwingi kuliko mama wa Tanga kwa chungu kile kile cha maharage. Mama huyu, basi, ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya jiko lisilopoteza moto.

MOSHI NA HEWA YA SUMU

Watu wengi hudhani moshi wa mekoni ni adha tu ya macho. La, hasha! Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani itokanayo na mapishi, na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 ambao hawakutimiza miaka mitano. Kwa Tanzania peke yake, Serikali ilipotoa mkakati wake wa nishati ya kupikia mwaka 2024, ilitaja makadirio ya vifo 33,000 hivi kila mwaka. Na wanaovuta moshi huo zaidi ni wake zetu, mama zetu, na watoto wachanga waliofungwa migongoni.

Lakini katika nchi ya baridi kuna hatari nyingine, nayo ni mbaya zaidi kwa kuwa haionekani. Baridi ikizidi, watu huchukua jiko la mkaa lenye makaa mekundu wakaliingiza chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakaziba hata nyufa kwa matambara, kisha wakalala. Wanaona makaa hayatoi moshi, nao hudhani wamesalimika. Ukweli ni kwamba mkaa unaoungua penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikashindwa kuupelekea mwili hewa ya kuishi. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, kisha mwili hulegea, kisha usingizi humchukua, asiamke tena. Katika mikoa yetu ya nyanda za juu kusini misiba ya namna hii si hadithi, na mara nyingine hubeba watu wa nyumba nzima.

Mwislamu anayeyasikia haya hana udhuru. Imepokewa kwa njia sahihi kwamba nyumba moja mjini Madina iliwaka moto usiku pamoja na watu wake, naye Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipopata habari aliwaonya Waislamu ya kuwa moto ni adui kwao, akawaamrisha wauzime wanapokwenda kulala. Amri hiyo ilitolewa miaka 1,400 hivi iliyopita. Laiti tungaliishika, ni jamaa wangapi wa nyanda za baridi wangaliamka salama asubuhi!

RUZUKU ILIYOTOLEWA

Ruzuku ni msaada wa Serikali unaopunguza bei ya kitu ili mwananchi akipate. Si zawadi ya kiongozi fulani, wala si sadaka ya tajiri. Ni mali ya umma inayorudi kwa umma. Katika jambo letu hili, ruzuku zimekuja kwa njia tatu.

Ya kwanza ni umeme. Wakala wa Nishati Vijijini, unaojulikana kwa jina la REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ukaanza kazi mwaka 2007. Kwa mpango wa kupeleka umeme vijijini, mwenye nyumba wa kijijini alitakiwa alipe shilingi 27,000 tu kuunganishiwa umeme, na gharama iliyobaki ikachukuliwa na fedha za umma. Mwanzoni mwa mwaka 2022 bei hiyo ilibakizwa kwa vijiji, ilhali kwa maeneo ya mijini, kwa nyumba isiyohitaji nguzo, iliwekwa shilingi 320,960. Tofauti hii ilileta maswali mengi pembezoni mwa miji, mahali ambapo mtu analima mahindi nyuma ya nyumba yake, na huku anaambiwa kwamba yeye ni mtu wa mjini.

Ya pili ni gesi. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, ambao shabaha yake ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mwezi huo huo alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris, Ufaransa, ambapo serikali na makampuni waliahidi dola bilioni 2.2 kwa ajili ya mapishi safi katika Afrika. Katika mpango wa REA, mitungi 452,445 ya gesi ya kilo 6 pamoja na vichomeo vyake ilipangwa kuuzwa kwa ruzuku ya asilimia 50, mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Mnunuzi alitakiwa afike na kitambulisho chake cha taifa, apate mtungi mmoja.

Ya tatu ni majiko banifu, yaani majiko yaliyojengwa kwa namna ya kushika joto na kupunguza kuni au mkaa. Majiko 200,000 yalipangiwa watu wa vijijini, na hapo Serikali ilichukua sehemu kubwa zaidi ya bei kuliko katika gesi.

YANAYOWAPATA WENYE NYUMBA

Anayesikiliza mazungumzo ya wenye nyumba juu ya mambo haya atayakuta ni ya namna nne.

Fungu la kwanza ni la wale ambao mtungi ulipoingia nyumbani ulileta furaha kubwa. Chai ya asubuhi ikawa tayari kabla ya watoto kwenda shule. Daku katika Ramadhani ikapashwa moto bila ya mtu kupuliza kuni saa kumi za usiku. Mama akaacha kukohoa. Haya ni mambo ya kweli, nayo yastahili shukrani.

Fungu la pili ni la wale ambao gesi ya kwanza ilikwisha, nao wakarudi kwenye mkaa. Mtungi umewekwa pembeni ya ukumbi, umefunikwa kitambaa, juu yake pamewekwa chombo cha maua. Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Ruzuku ilipunguza bei ya kuununua mtungi, lakini haikupunguza bei ya kuujaza. Na gesi hii huteremshwa katika bandari za pwani, ikasafirishwa kwa barabara zaidi ya kilomita 1,000 hata ifike Sumbawanga. Kila kilomita ina gharama yake. Mwenye mshahara aweza kutoa fedha za mtungi kwa mara moja. Mkulima, ambaye fedha humjia baada ya kuuza mahindi, hununua mkaa wa kopo moja leo na kopo moja kesho, ingawa mwisho wa mwezi makopo yale yamemgharimu sana.

Fungu la tatu ni la wale ambao hawakupata. Wengine hawakuwa na kitambulisho cha taifa, wengine habari iliwafikia baada ya gari la mitungi kuondoka, na wengine hawakuwa hata na ile nusu ya bei. Wajane na wazee wakaao peke yao huwa wengi katika fungu hili, nao ndio walio na haja zaidi ya jirani zao.

Na fungu la nne, lisilopendeza kutajwa, ni la wale waliochukua kwa hila. Mtu ana mitungi miwili nyumbani, akachukua wa tatu kwa kitambulisho cha mtumishi wake. Au ameununua kwa nusu ya bei akauuza siku ile ile kwa bei kamili. Mtu huyu hucheka akasema kwamba mali ya Serikali haina mwenyewe.

MALI YA UMMA INA MWENYEWE

Tumjibu mtu huyo. Mali ya umma ina wenyewe, nao ni wengi kuliko wenye mali yoyote nyingine: ni wakulima, wavuvi, yatima na wajane, na watoto ambao hawajazaliwa. Aibaye mali ya mtu mmoja ana mdai mmoja. Aibaye mali ya umma atadaiwa na umma mzima Siku ya Kiyama, wala hatajua aanze kumwomba radhi nani. Kuhini katika mali ya Waislamu wote ni jambo ambalo Mtume, rehema na amani zimshukie, alilikemea vikali hata kwa kitu kidogo cha nguo tu. Na amana haina mipaka ya dini: katika Ufipa Mwislamu huishi ukuta kwa ukuta na jirani Mkristo, na haki ya jirani huyo katika orodha ya ruzuku ni haki kamili, haipunguzwi kwa kuwa yeye haswali msikitini.

Husimuliwa juu ya Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala kuanzia mwaka 717 hadi mwaka 720 wa Miladi, kwamba alikuwa akifanya kazi za watu usiku kwa taa iliyotiwa mafuta ya hazina ya umma. Mgeni alipoanza kumwuliza habari za nafsi yake na jamaa zake, Khalifa aliizima taa ile, akaleta taa ya mafuta yake mwenyewe. Vijana wetu na waitafakari habari hii vizuri. Mafuta ya taa moja kwa muda wa mazungumzo mafupi ni kitu gani? Lakini aliyechunga tone la mafuta, nchi ilimwamini na hazina nzima.

Kwa hiyo, kuipokea ruzuku kwa yule aliyeandikiwa ni halali wala hapana fedheha. Mwenye uwezo akimwachia nafasi yake jirani asiye nacho, hiyo ni ihsani. Na anayesimamia orodha, awe mwenyekiti wa mtaa au wakala wa duka, ajue kuwa kalamu aliyoishika inaandikwa na Malaika pia.

Liko na jambo la mkopo. Siku hizi makampuni na vyama hutoa majiko, mitungi na mitambo ya jua kwa kulipa kidogo kidogo. Kununua kitu kwa bei iliyokubaliwa tangu mwanzo, ikalipwa kwa mafungu, ni biashara ambayo wanavyuoni wengi wameijuzisha, mradi bei isiongezwe mnunuzi akichelewa. Kukopa fedha kwa riba ili ununue jiko ni jambo jingine, nalo tumeharamishiwa. Mwenye nyumba asione haya kuuliza kabla ya kutia sahihi: bei ya jumla ni ngapi, na nikichelewa itakuwaje? Aliye na shaka na amwulize sheikh wake, kabla ya kuuliza wakili.

HESABU YA MEKONI

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kila nyumba yaweza kulipima yenyewe. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo nne hivi za mkaa unaopikiwa katika jiko la kawaida, kwa kuwa jiko la kawaida hupoteza sehemu kubwa ya joto pembeni. Basi mtungi wa kilo 6 ni sawa na kilo 24 za mkaa. Kijana wa nyumba anayesoma hesabu na aende sokoni, apime kopo la mkaa kwa mizani, ajue bei ya kilo moja, azidishe kwa 24, kisha ailinganishe na bei ya kujaza mtungi. Katika nyumba nyingine ataona gesi ni rahisi, katika nyingine ataona mkaa ni rahisi; lakini atakuwa amesema kwa hesabu, wala hakusema kwa kusikia. Na asisahau ya kuwa kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo imekula kilo 6 hadi 10 za kuni porini, ambazo hazimo katika bei ya kopo.

Njia ya kuepuka mtungi kuwa pambo la ukumbini ni kuweka akiba. Nyumba na iwe na kibubu cha gesi. Fedha ambayo ingenunua kopo la mkaa leo iingie humo, ili mtungi utakapokwisha bei ya kuujaza iwe tayari. Hali kadhalika akina mama wa mtaa mmoja waweza kuchangiana kwa zamu, kama wafanyavyo katika michango yao mingine, kila wiki mmoja ajaziwe mtungi wake.

Tena si lazima gesi ipike kila kitu. Wenye busara hutumia gesi kwa chai, uji, mayai na mboga, na jiko banifu kwa maharage. Maharage yenyewe na yalowekwe tangu usiku, na chungu kifunikwe. Yakisha kuchemka kwa muda, chungu huweza kutolewa motoni kikatiwa katika kikapu kikubwa kilichojazwa nyasi kavu, kikafunikwa blanketi la zamani. Joto lililomo ndani litaendelea kupika bila ya kuni hata moja, kisha yatamaliziwa kwa moto mfupi. Mwenye umeme na uwezo aweza kununua sufuria ya umeme ya kupikia kwa mvuke uliofungiwa. Chombo hicho huzuia mvuke, nayo maji hupanda joto kupita zile digrii 94 tulizozitaja, na maharage huiva kwa umeme usiozidi yuniti moja.

Katika taa pia pana faida. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku hula yuniti 9 kwa mwezi. Balbu ya kisasa ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana na wa ile, hula yuniti moja na robo na kitu. Nyumba yenye balbu nne imeokoa yuniti 30 kwa mwezi. Kwa mteja mdogo asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi bei iliyowekwa mwaka 2016 ilikuwa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi, na zilizozidi hapo zilitozwa shilingi 350. Basi kuokoa yuniti 30 kwaweza kumweka mtu upande wa nafuu. Kuwasha taa chumba kisicho na mtu ni israfu, na israfu tumekatazwa hata katika maji ya udhu.

USALAMA WA NYUMBA

Gesi ni neema, lakini ina adabu zake. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hukaa chini sakafuni kama maji yasiyoonekana. Kwa hiyo mtungi usimame wima, mahali penye dirisha au mlango, mbali na mafiga. Ukisikia harufu yake, usiwashe kibiriti wala usibonyeze swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango, toa watoto nje. Kujaribu kama mpira unavuja, paka povu la sabuni, utazame kama linatoa mapovu. Wala usijaribu kwa moto. Na katika asubuhi za baridi kali za Ufipa, gesi iliyokaribia kwisha huweza kutoka kwa unyonge. Asitokee mtu akauweka mtungi karibu na makaa ili upate joto! Huko ni kujitia katika maangamizo kwa mkono wako mwenyewe.

Ama kuhusu baridi ya usiku, dawa yake si jiko la mkaa chumbani. Dawa yake ni nyumba yenyewe. Bati lisilo na dari hupoteza joto lote usiku. Dari, hata iwe ya mbao nyepesi au ya mikeka iliyokazwa vizuri, hulizuia. Nyufa za milango zizibwe, blanketi ziongezwe, na watu waote moto jioni mahali pa wazi, kisha uzimwe kabla ya kulala, kama Mtume wetu alivyoamrisha. Mwenye kujenga nyumba mpya na aache tundu la kutolea hewa juu ya ukuta wa kila chumba, na mekoni ajenge dohani. Gharama yake wakati wa kujenga ni ndogo kuliko gharama ya sanda.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Basi mume asiyejua bei ya mkaa, asiyejua mkewe anakohoa kwa nini, wala hajapata kuketi mekoni nusu saa penye moshi, hajaufuata mwenendo huo hata akiwa na ndevu ndefu kiasi gani. Jiko ni jambo la nyumba nzima, wala si la mwanamke peke yake.

Vijana wana kazi yao. Wao ndio wasomao matangazo, ndio wajuao kujaza fomu, ndio wenye miguu ya kwenda ofisi ya kijiji. Katika kila mtaa kuna mzee asiye na kitambulisho, na mjane asiyejua kuwa ruzuku imefika. Kijana akimpeleka mmoja wao kuandikishwa, ameifanya sadaka isiyomgharimu shilingi. Misikiti na madrasa, hasa zile zipikiazo wanafunzi wa bweni, ziwe mbele: Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na si vizuri nyumba ya elimu iwe ya mwisho kutii.

Na nchi ina kazi yake pia. Ruzuku inayoishia kwenye mtungi wa kwanza imefanya nusu ya safari. Yafaa wenye kupanga mambo wafikirie bei ya kujaza katika mikoa ya mbali, na wafikirie msimu wa mavuno katika kuuza kwao, ili mkulima wa Laela na wa Matai aweze kuyafuata yale ayawezayo mtu wa Dar es Salaam. Kusema hivyo si kukosa shukrani. Kunasihi ni katika dini.

Juu ya mji wa Sumbawanga iko milima ya Mbizi na msitu wake, unaohifadhi maji na viumbe vya Mwenyezi Mungu, kima wekundu miongoni mwao. Kila nyumba inayopunguza kopo moja la mkaa inaupunguzia mzigo msitu, na inampunguzia moshi mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake. Mwenye kuweza kugeuza jiko na aligeuze. Asiyeweza, alowekeze maharage na kufunika chungu. Na wote kwa pamoja tuzime moto kabla ya kulala. Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa nyumba za salama na utulivu, atuepushe na israfu na hiana, na atupe tawfiki ya kutenda tuyasemayo. Amin.